Simba Waliomlinda Mtoto, na Sisi Tuliokuwa Tukipita



Wapendwa wasomaji wetu, juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi hadithi ambayo wengi wetu tuliisikia utotoni, ama kando ya moto wa kuni kijijini, ama barazani hapa jijini. Ni hadithi ya mtoto aliyepotea porini, akakutana na mnyama mkali, na mnyama yule, badala ya kumla, akamlinda mpaka watu wake walipofika. Kila msimulizi huwa na mnyama wake. Mmoja atasema ni simba, mwingine tembo, mwingine nyani. Mwisho wake lakini hufanana: mtoto hurudi nyumbani mzima, na mnyama huingia tena msituni bila kudai malipo.

Kwetu sisi tunaoishi Msimbazi, simba si mgeni. Klabu ya mpira iliyoanzishwa mwaka 1936, na ambayo tangu mwaka 1971 inaitwa Simba, ina makao yake katika Mtaa wa Msimbazi, na mashabiki wake huiita Mnyama bila haja ya kuongeza neno lolote. Siku ya ushindi mitaa yetu hujaa ngurumo. Watoto wa hapa wanaweza kukua bila kumwona simba halisi hata mara moja, na bado wakamjua kama jirani. Kwa hiyo tunapowasimulia kwamba simba alimlinda mtoto, hawashangai sana. Wanauliza tu: mtoto huyo alipotea vipi?

Swali hilo la watoto ndilo tunalotaka kulifuata leo, kwa maana sisi watu wazima tumezoea kuuliza habari za simba na kuliacha hilo la pili.

Tuanze na hadithi zetu wenyewe za pwani. Mwaka 1870, Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana ambaye baadaye alikuwa Askofu huko Zanzibar, alichapisha London kitabu cha hadithi alizosimuliwa kwa Kiswahili na watu wa Unguja. Ndani ya kitabu hicho kimoja kuna hadithi mbili za wanyama ambazo inafaa kuzisoma pamoja.

Ya kwanza ni ile ya Sultani Darai. Maskini mmoja alikuwa akichakura jalalani kutafuta punje za mtama apate kula. Siku moja akaokota sarafu ndogo, na kwa sarafu ile akanunua paa. Watu walimcheka, kwa kuwa hakuwa na chakula chake mwenyewe, sembuse cha paa. Lakini paa yule alikuwa na akili na moyo. Alimtafutia bwana wake mali, akamwozesha binti wa sultani, akamwua nyoka mwenye vichwa saba na kumpatia nyumba ya fahari. Kisha paa akaugua. Bwana wake, ambaye sasa alikuwa tajiri, akaona taabu kumwuguza, akaagiza apewe uji wa mtama duni. Paa akafa kwa uchungu. Na yule bwana akajikuta tena jalalani, akichakura kama siku ya kwanza.

Ya pili ni ile ya Sultani Majnuni na paka wake. Paka alipoanza kula mifugo, sultani alisema paka ni wake na mifugo ni yake, aachwe. Alipokula mbuzi, akasema vivyo hivyo, na hata alipokula ng'ombe hakubadili neno. Paka akazidi kukua na kukaa vichakani akila wapita njia, na bado sultani hakushtuka, mpaka siku ile alipowaua wana wa sultani mwenyewe. Hapo ndipo baba akakiri kwamba yule hakuwa paka tena, bali nunda, mla watu.

Tunaona basi kwamba wazee wetu hawakuwa na mawazo mepesi juu ya wanyama. Katika kitabu kimoja mnyama ni mwokozi, na katika kitabu hichohicho mnyama ni mla watu. Tukizitazama vizuri tutagundua kwamba anayehukumiwa katika hadithi zote mbili si mnyama. Katika ya kwanza anahukumiwa mtu aliyesahau wema aliotendewa, na katika ya pili anahukumiwa mkubwa aliyeona watoto wa wenzake wakiliwa akanyamaza. Mnyama amewekwa pale kama kioo.

Hadithi za namna hii zimeenea duniani kote. Warumi wa kale walisimulia kwamba waanzilishi wa mji wao, Romulus na Remus, walinyonyeshwa na mbwa mwitu jike baada ya kutupwa mtoni wangali wachanga. Katika Maandiko Matakatifu tunakutana na kunguru waliomletea nabii Eliya chakula, na simba ambao hawakumgusa Danieli. Ni vema kukumbuka kwamba Danieli hakupotea njia akaangukia shimoni. Alitupwa humo na watu wenye vyeo, waliotunga sheria kwa ajili ya kumnasa. Romulus na Remus nao walitupwa kwa amri ya mfalme aliyewaogopa. Mara nyingi sana, nyuma ya mnyama mpole wa hadithi, yupo mwanadamu katili.

Sasa tuje kwenye historia ya karibu, kwa kuwa hadithi hizi hazijafa.

Mwezi wa Juni mwaka 2005 ilisambaa ulimwenguni habari kutoka kusini-magharibi mwa Ethiopia, karibu na Bita Genet, yapata kilometa 560 kutoka Addis Ababa. Msichana wa miaka 12 alikuwa ametekwa na wanaume saba waliotaka kumlazimisha aolewe na mmoja wao. Walikaa naye siku saba, wakimpiga. Polisi na ndugu zake walipokuwa wakimtafuta, walimkuta msituni akiwa na simba watatu. Polisi wa eneo lile, Sajini Wondimu Wedajo, alieleza kwamba simba walikuwa wamewafukuza watekaji, wakabaki na mtoto kwa muda wa kama nusu siku, na kwamba watu walipofika simba walimwacha na kurudi msituni. Msichana alikuwa amejeruhiwa kwa vipigo vya wanaume wale, si kwa makucha ya simba.

Mtaalamu mmoja wa wanyamapori aliyekuwa akifanya kazi Ethiopia, Stuart Williams, alitoa maelezo ya kiasi. Alisema huenda kilio cha mtoto yule aliyekuwa na hofu na maumivu kilifanana na sauti ya mwana-simba, na labda kwa sababu hiyo simba hawakumla. Wenyeji walitoa maelezo mengine: walisema ni muujiza. Sisi hatuoni sababu ya kugombana juu ya jambo hilo. Anayemwamini Mungu anaweza kumshukuru kwa kilio kilichosikika vizuri, na mwanasayansi anaweza kuendelea kuchunguza sauti.

Linalotusumbua ni jambo jingine. Dunia nzima ilizungumza juu ya simba watatu. Ni wachache waliozungumza juu ya wanaume saba. Habari zilipotoka, wanne kati yao walikuwa wamekamatwa na watatu walikuwa bado wakitafutwa, na hapo ndipo wasomaji wengi walipoufunga ukurasa. Kumbe mkasa ulikuwa hapo. Kumteka msichana ili aolewe lilikuwa jambo lililozoeleka katika sehemu kadhaa za nchi ile, na sheria ya jinai ya Ethiopia ya mwaka 1957 iliruhusu mtekaji asiadhibiwe iwapo angemwoa aliyemteka. Kifungu hicho kiliondolewa na sheria mpya ya jinai iliyoanza kutumika mwezi wa Mei mwaka 2005, yaani majuma machache tu kabla ya simba wale kuonekana. Wanawake na wanasheria wa Ethiopia walikuwa wamepigania badiliko hilo kwa miaka mingi. Hao nao walimlinda mtoto, tena watoto wengi, lakini hakuna aliyewaita muujiza.

Mwezi wa Mei mwaka huohuo, jijini Nairobi, mtoto mchanga wa kike alikuwa ametupwa karibu na msitu wa Ngong akiwa amefungwa ndani ya mfuko. Mbwa jike asiye na mwenyewe, aliyekuwa na watoto wake, aliuburuta mfuko ule, akavuka nao barabara na kupita chini ya waya wenye miiba, akamlaza mtoto kando ya watoto wake. Watu walisikia kilio, wakamkuta, na mtoto akapelekwa hospitalini. Mbwa yule alipewa jina la Mkombozi. Wengi wa watu wa Afrika Mashariki wenye umri wetu wanalikumbuka jina la mbwa. Lakini ni nani aliyeuliza habari za mama wa mtoto, au juu ya taabu iliyomfikisha mahali pa kumwacha mwanawe kando ya msitu?

Nchini Uganda nako, mwaka 1991, alipatikana mvulana aliyekuwa msituni pamoja na tumbili. Inasimuliwa kwamba alikimbia nyumbani baada ya baba yake kumwua mama yake, na kwamba tumbili walimvumilia, akala walichokula. Wataalamu wamebishana kuhusu muda alioishi nao na kiasi ambacho tumbili walimsaidia. Hapo pia, watu walikuja kutoka mbali kuuliza jinsi tumbili walivyoishi na mtoto, kana kwamba kiini cha mambo kilikuwa tumbili. Mtoto yule aliingia msituni kwa sababu nyumbani palikuwa pa kutisha kuliko msitu.

Hapa inatupasa kusema ukweli kuhusu wanyama wenyewe, ili mtu asije akadhani tunafundisha watoto kukimbilia porini. Ni kweli kwamba wanyama hutushangaza. Mwaka 2002, katika hifadhi ya Samburu nchini Kenya, simba jike aliyepewa jina la Kamunyak, yaani aliyebarikiwa, alimlea ndama wa choroa kana kwamba ni mwanawe. Alikaa naye kama majuma mawili, akilala naye na kumlinda, mpaka siku alipochoka na simba mwingine akamla ndama yule. Baadaye alijaribu tena kuwalea ndama wengine. Wataalamu walimtazama na hawakupata jibu moja la kuridhisha.

Lakini mwaka huohuo wa 2002, huku kwetu Rufiji, si mbali sana kusini mwa Dar es Salaam, simba alianza kuua watu. Mpaka alipouawa mwezi wa Aprili mwaka 2004, watu zaidi ya 30 walikuwa wamepoteza maisha. Na mwezi wa Agosti mwaka 2005, miezi miwili tu baada ya dunia kushangilia simba wa Ethiopia, mtafiti Craig Packer na wenzake, wakiwemo Watanzania, walichapisha katika jarida la Nature kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 katika Tanzania na kujeruhi wengine zaidi ya 308. Walieleza pia sababu. Nguruwe pori huvamia mashamba wakati wa mavuno, na mkulima maskini hulazimika kulala shambani katika dungu lisilo imara ili asipoteze chakula cha mwaka mzima. Simba humfuata nguruwe, na akimkosa nguruwe, humkuta mtu. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo watoto.

Basi simba si malaika wala si shetani. Ni simba. Anayemtegemea amlindie mtoto amekosea, na wazee wetu waliotunga hadithi ya nunda walilijua hilo kabla ya watafiti.

Kama ndivyo, kwa nini hadithi ya mnyama mlinzi haiishi? Jibu tutalipata tukirudi nyuma zaidi katika historia ya pwani hii, kwa mtoto mmoja aliyeitwa Swema.

Swema alikuwa binti wa Kiyao aliyefikishwa Zanzibar mwaka 1865, akiwa na umri wa kama miaka 10. Habari zake ziliandikwa na Padre Antoine Horner wa Shirika la Roho Mtakatifu, na mwaka 1983 mwanahistoria Edward Alpers alizichapisha upya pamoja na uchambuzi wake. Zilipita katika mkono wa mmisionari aliyetaka kuigusa mioyo ya wafadhili wa Ulaya, na inafaa kuzisoma kwa uangalifu. Hata hivyo, mambo yake makuu yanalingana na yale tunayoyajua kuhusu biashara ya watumwa ya wakati ule.

Baba yake Swema aliuawa na simba. Mama yake, akiwa mjane, alikopa mtama akashindwa kulipa, na mwenye deni akamchukua binti badala ya mtama na kumwuza kwa msafara uliokuwa ukienda pwani. Bei yake ilikuwa mikono kadhaa ya kitambaa cha merikani. Mama alijitoa awe mtumwa naye, ili tu asitengane na mwanawe. Njiani nguvu zilimwishia, akaachwa nyuma afe, na Swema akaendelea na safari bila yeye. Alipofika Zanzibar alikuwa amedhoofu kiasi kwamba mfanyabiashara aliona hana thamani tena. Akaviringishwa katika mkeka na kufukiwa, angali hai, katika kaburi fupi.

Usiku mbweha walikuja. Hawakuja kumlinda, bali walivutwa na harufu. Na hapo akatokea kijana mmoja mwindaji, mwenye asili ya kisiwa cha Réunion, akasikia mlio hafifu kutoka ardhini. Angeweza kupita. Usiku ule, mahali pale, wengi wangepita. Yeye alisimama, akafukua, akamkuta mtoto, akambeba mpaka kwa masista wa misioni.

Tafadhali, wapendwa, tuhesabu wanyama walioko katika habari hii. Simba alimla baba, na mbweha walikuja kumla mtoto. Lakini waliompokonya mtoto kwa mama yake, waliomwuza na waliomfukia walikuwa watu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na njaa ya mbweha. Aliyemwokoa naye alikuwa mtu. Mwaka 1868 wamisionari wa shirika hilohilo walivuka bahari wakaanzisha misioni ya Bagamoyo, na wengi wa wakazi wake wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Kanisa la pwani hii lilianza hivyo, kama nyumba ya watoto waliopotezwa. Tunasema waliopotezwa kwa sababu watoto wale hawakupotea wenyewe.

Hata jina la Kariakoo, soko letu, limetokana na watu walioondolewa makwao. Baada ya Waingereza kuuteka mji huu mwaka 1916, hapo ndipo walipoweka kambi ya wapagazi wa kijeshi, Carrier Corps, na ndimi zetu zikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi kamwe katika vijiji vyao. Kwa hiyo sisi tunaouza na kununua hapa kila siku tunakanyaga ardhi inayojua vizuri maana ya mtu kutoonekana tena nyumbani.

Sasa tunawaomba radhi, kwa kuwa tunapaswa kuwasimulia kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa masika, wafagiaji wa soko walimkuta alfajiri msichana wa kama miaka 11 amelala chini ya meza ya kuuzia mitumba, juu yake turubai. Kando yake alilala mbwa koko, na kila aliyesogea mbwa aliunguruma. Ilibidi mama mmoja muuza chai atupe kipande cha chapati mbali ndipo mbwa akaondoka na mtoto akatolewa. Walimleta kwetu akiwa ameloa, tukampa chai na nguo kavu, tukawaarifu wahusika wa serikali ya mtaa. Alisema jina lake la kwanza tu.

Dominika iliyofuata tuliisimulia habari hiyo katika mahubiri. Tulimtaja Danieli, tukawataja kunguru wa Eliya, tukamtaja yule mbwa wa Nairobi. Waamini walifurahi, na wengine walifuta machozi. Tulishuka altareni tukiwa tumeridhika.

Baada ya Misa yule mama wa chai alitusubiri mlangoni. Alituamkia kwa heshima, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Baba, mmetuhubiria vizuri habari za mbwa. Lakini hamjasema mtoto alikuwa anamkimbia nani."

Hatukuwa na jibu, kwa sababu hatukuwa tumeuliza. Akaendelea: "Mimi namfahamu yule mtoto. Kwa miezi mitatu alitumwa kwangu kununua chapati. Nilimwona mkono umeungua. Nikajiambia si wangu, ana wenyewe. Baba, mbwa alimlinda usiku mmoja. Mimi nilimtazama miezi mitatu."

Tulipofuatilia, mambo yakajulikana. Mtoto alikuwa ameletwa kutoka kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa, akafanywa mfanyakazi wa ndani. Kusoma hakusomeshwa, na kupigwa alipigwa. Nyumba aliyotumikia haikuwa mbali na kanisa. Watu wa nyumba ile tulikuwa tukisalimiana nao kila Dominika, tukipeana mikono, tukiulizana habari za nyumbani. Wao walijibu ni nzuri, na sisi tukashukuru Mungu.

Mtoto alikabidhiwa kwa maofisa wa Ustawi wa Jamii, na baada ya miezi kadhaa alirudishwa kwa bibi yake, ambapo alianza tena shule. Mbwa alionekana sokoni kwa muda, kisha hakuonekana tena. Na sisi tangu siku ile hatujaweza kusimulia hadithi ya mnyama mlinzi bila kuisikia sauti ya yule mama.

Tunadhani sasa tunajua kwa nini hadithi hizi haziishi. Wasimulizi wake hawakutaka kutufundisha tabia za simba. Simba alijulikana vizuri na watu waliolala madunguni. Walitaka kutuaibisha. Mtoto anapokuwa salama zaidi kwa mnyama kuliko kwa jirani, hadithi inakuwa mashtaka, na mshtakiwa ni msikilizaji. Sisi tumeigeuza kuwa kiburudisho kwa sababu ni rahisi kumsifu mbwa kuliko kubisha hodi kwa jirani tunayepeana naye mkono wa amani kanisani.

Tukiri pia kwamba mji wetu haujakosa watu wa kusimama njiani kama yule kijana wa Zanzibar. Mwaka 1992 Sista Jean Pruitt, wa shirika la Maryknoll, alianzisha hapa jijini Dogodogo Centre kwa ajili ya watoto waliokuwa wakiishi mitaani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Tanzania ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa na umri wa miaka 15, na hata 14 kwa kibali cha mahakama, vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ilithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Aliyefungua shauri hilo, Rebeca Gyumi, alikuwa kijana mwenyewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Sheria haisemi mzazi, wala padre, wala polisi peke yao. Inasema kila mwanajamii. Kumbe hata mama wa chai alihusika, nasi pia, na wewe unayesoma.

Basi tuyashike mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wetu. Mtoto anayekwenda sokoni na mzazi afundishwe jina lake kamili, jina la mzazi na mtaa anaokaa, na kama anaweza, namba ya simu ya mzazi. Akipotea, asimame mahali alipo na amwendee mama mwenye meza yake, kwa maana mwenye meza haondoki upesi. Anayemwokota mtoto asimfungie ndani kwake, hata kwa nia njema, bali ampeleke kwa viongozi wa soko, serikali ya mtaa au dawati la jinsia na watoto la polisi. Iko pia namba 116 ya kuwasaidia watoto, na kuipiga hakuhitaji salio. Na tukiona mtoto wa nyumba ya jirani hachezi, hasomi, anabeba ndoo alfajiri na mkono wake umeungua, tuulize. Tukijibiwa vibaya, tuulize tena mahali pengine.

Nabii Isaya aliota siku ambayo wanyama wakali na wapole watalala pamoja, na mtoto mdogo atawaongoza. Siku hiyo bado. Simba wa Rufiji wangali simba, na hatuwezi kuwabadilisha. Tunaloweza ni dogo na gumu: mtoto atakayepita kesho mbele ya meza zetu za Kariakoo asihitaji mbwa.

Juma lililopita tulipita kwa yule mama wa chai. Bado yupo mahali pale. Pembeni mwa meza yake ameweka kigoda kidogo ambacho hakiuzwi wala hakikaliwi na wateja. Tulipomwuliza ni cha nani, alitujibu huku akimimina chai: "Cha atakayekuja, Baba. Akija, akae kwanza, ndipo nimwulize."